Gia Boksi Niliyosema Imepona

Niliponunua gari la otomatiki, watu watatu waliniambia nisinunue, na wote watatu walikuwa wakiendesha kabla mimi sijajua kufunga mkanda. Walisema milima ya Tarime si ya gari la namna hiyo, na kwamba gia boksi yake ikichoka, mafundi wa kuielewa ni wa kuhesabu. Mke wangu, ambaye ndiye alikuwa wa tatu, alisema kwa kifupi zaidi: "Tununue pikapu ya klachi, hata kama ni kuukuu."

Nikawajibu kwa hotuba. Nilizungumza juu ya dunia inakokwenda, juu ya uchovu wa mguu wa kushoto, na nadhani nilitaja Japani mara nne. Sababu ya kweli sikuitaja. Sababu ya kweli ni kwamba mimi, mtu wa miaka hamsini kasoro, mwenye shahada mbili, sijawahi kuweza kuondoa gari la klachi kwenye mwinuko bila kurudi nyuma kwanza. Mara ya mwisho nilipojaribu, kwenye kilima cha kuingilia sokoni, nilirudi nyuma mpaka kwenye tenga la nyanya la mama mmoja. Hakunitukana. Alisema tu, "Pole, baba," akaanza kuokota. Tangu siku hiyo niliamua kwamba klachi ni chombo cha kikoloni.

Kwa hiyo gia ilipoanza kuteleza, miaka mitatu baadaye, sikuwa nimeharibikiwa na gari peke yake. Nilikuwa naharibikiwa na hoja.

Ilianza kidogo. Asubuhi nikiweka gia ya kwenda mbele, gari lilikaa kwanza, kama mtu aliyeitwa ambaye hataki kuitika, halafu likashtuka na kuondoka. Baadaye ikawa hata njiani: nakanyaga mafuta, injini inapandisha sauti, mshale kwenye dashibodi unapanda, na gari lenyewe linabaki na mwendo ule ule. Kwenye tambarare unaweza kujifanya hujaona. Kwenye kilima cha kwenda Nyarero, ambako mke wangu anafundisha, huwezi. Nikimpeleka asubuhi nilikuwa nawasha redio kwa sauti kubwa tukifika pale. Alidhani nimeanza kupenda taarifa za bei za mazao.

Fundi wangu yuko mjini Tarime, nyuma ya ghala la mahindi. Ni mtu wa maneno machache, aliyejifunza kazi kwa wajomba zake upande wa Kenya na kurudi na mkono wa utulivu sana. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akakipangusa kwenye karatasi nyeupe, akaninyooshea ile karatasi ninuse. Oili iliyopaswa kuwa nyekundu ilikuwa nyeusi, na ilinuka kama ukoko wa ugali ulioungua.

"Diski za ndani zimeliwa," alisema. "Ndiyo maana injini inazunguka na gari haliendi. Hapa kuna njia mbili, mzee. Tuishushe, tuifungue, tubadilishe diski na mipira yake. Hiyo ni wiki mbili, maana spea naagiza. Au tutafute gia boksi nyingine ya mtumba, na hiyo ni bahati nasibu, unaweza kuletewa mgonjwa mwenzake."

"Na kubadilisha oili tu?"

"Kubadilisha oili tu ni njia ya tatu. Hiyo sikuitaja kwa makusudi."

Sasa mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimesoma mtandaoni siku mbili, nimechapisha kurasa kumi na saba, na nilikuwa nazo kwenye bahasha. Mfukoni nilikuwa na chupa ya dawa ya gia boksi niliyoinunua Sirari, yenye picha ya gari la mashindano likiwaka moto kwa nyuma. Nilimweleza fundi kwamba kurasa zangu zinasema oili mpya pamoja na dawa ile inaweza kurudisha uhai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama, mikono imejaa grisi, ameiacha mbali na nguo zake.

"Mzee, kwa hali iliyofikia, ule uchafu ndio unaosaidia diski kushikana. Nikiutoa nikaweka oili mpya laini, inaweza ikakataa kabisa."

"Hiyo ni imani ya mafundi," nikamwambia. Nakumbuka nililitamka neno imani kwa upole, kama daktari anayezungumza na mgonjwa.

"Sawa. Gari ni lako, nitaweka. Ila ukiulizwa usiseme nimetengeneza. Sema nimeweka oili."

Fedha ya kuifungua gia boksi ilikuwepo. Nalisema hili mapema nisije nikahurumiwa. Nilichokosa ni wiki mbili za kuonekana nikitembea kwa miguu mjini, nikiulizwa gari liko wapi, na jioni kukaa mezani na mke wangu asiyesema lolote kuhusu pikapu ya klachi. Angesema ningejibu. Ni kule kutosema kwake nilikokuogopa.

Jioni ile aliuliza, "Fundi amesemaje?"

"Imepona," nikasema.

Na kwa siku sita ilikuwa kama kweli imepona. Gari liliitika asubuhi, lilipanda, na mimi nilianza kumfikiria yule fundi kwa huruma. Siku ya saba mke wangu akasema, "Basi kama imepona, utamleta mama."

Mama yake anakaa Kenyamonta, upande wa Serengeti, pamoja na mdogo wa mwisho wa mke wangu, ambaye kwangu ni shemeji. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia lilikuwa limekwisha kuwa jeupe. La kushoto lilikuwa bado linaona mwanga na vivuli, lakini alikuwa ameacha kuchambua maharage kwa sababu mawe yalikuwa yanapita, na mwezi uliotangulia alishika sufuria upande usio na mpini. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali moja ya Tarime kwa siku chache. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya siku ya mwisho, na aliyeandikwa alitakiwa awe amefika kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo wangefunga vifaa na kuondoka, na kurudi kwao kulikuwa ni baada ya mvua zote mbili kupita.

Mke wangu siku hiyo alikuwa anasimamia mitihani, hakuweza kutoka. Akaniuliza tena usiku wa kuamkia safari, akikunja nguo: "Kama gari lina wasiwasi wowote niambie, nikodi la jirani."

"Wasiwasi gani?"

Hapo alikuwa amenifungulia mlango mpana kabisa. Nilipita pembeni yake.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasiotoka kwetu. Sisi Wakurya, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Vijana wengi siku hizi wamelegeza, lakini familia ya mke wangu haijalegeza. Hatushikani mikono. Hatuli mezani pamoja wala hatukai viti vinavyotazamana. Tunasalimiana kwa mbali, kila mmoja akiangalia kitu kingine, na baada ya hapo neno lolote linapita kwa mtu wa tatu, hata kama huyo mtu amesimama katikati yetu na sote tunasikia. Nimeishi hivyo na mama yule miaka ishirini na moja na sijawahi kuona ni taabu. Naweza hata kusema tunapendana. Ila nimekuja kugundua kwamba ni rahisi mno kumdanganya mtu ambaye maneno yako hayamfikii moja kwa moja. Unampa mwingine uongo auchukue, na mkono wako unabaki mtupu.

Niliondoka Tarime alfajiri, nikafika Kenyamonta saa mbili. Gari liliteleza mara tatu njiani, nami nikajiambia ni baridi. Mama alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, mkoba uko mapajani. Alikuwa tayari. Baadaye shemeji aliniambia alikuwa amevaa tangu jogoo la kwanza.

"Shikamoo mama," nikasema nikilitazama ghala.

"Marahaba," akasema akiutazama upande wa zizi.

Shemeji akanipa kikombe cha uji, na nilipokuwa nakunywa akaanza kupakia. Alipakia gunia la viazi vitamu, debe la mahindi, na jogoo aliyefungwa miguu, vyote vya dada yake. Niliona nyuma ya gari ikishuka. Ningeweza kusema viazi vibaki. Lakini angeuliza kwa nini, na kwa kuwa gari lilikuwa limepona, sikuwa na jibu. Nilimalizia uji.

Mama aliketi nyuma yangu, ili tusionane kabisa. Shemeji alikaa mbele, kushoto kwangu. Nami kabla ya kuondoka niligeuza kioo cha ndani kikatazama juu, kisije kikaniletea uso wa mama mkwe wangu. Ndivyo adabu inavyotaka. Tukaondoka saa mbili na nusu, na muda ulikuwa unatosha na kubaki.

Mpaka darajani Mto Mara tulikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda upande wa pili, injini ikapandisha sauti na gari likabaki linajivuta. Nikasikia mama akisema nyuma, kwa sauti ya kawaida:

"Mwambie mkwe wetu hiyo siyo sauti ya gari linalopanda. Ni ya mashine ya kusaga ambayo mkanda wake unateleza."

Nilikuwa nimesoma kurasa kumi na saba, na hakuna hata moja iliyoeleza ugonjwa vizuri namna ile.

"Shemeji, umesikia?" akauliza shemeji.

"Nimesikia. Mwambie mama ni gia ya mlima. Haya magari ndivyo yanavyofanya."

Shemeji akanitazama kidogo, halafu akageuka nyuma. "Anasema ndivyo yanavyofanya."

"Haya," akasema mama.

Gia boksi ya namna ile ikipata joto huzidi kuteleza, kwa hiyo ilibidi nisimame ipoe. Lakini gari lililopona halisimami kupoa. Mara ya kwanza nilisimama nikasema naangalia tairi. Nililizunguka gari nikipiga matairi teke moja moja, kama mnunuzi. Mara ya pili nilijisaidia kichakani, nikakaa huko zaidi ya inavyohitajika. Mara ya tatu nilisema napiga simu.

"Shemeji," akasema mdogo wa mke wangu kupitia dirishani, "hapo hakuna mtandao."

"Najaribu."

"Mama anauliza kama gari limechoka, sisi tushuke tutembee, tulikute mbele."

"Mwambie mama akae. Gari liko sawa."

"Mama, gari liko sawa," akasema bila kugeuka. "Ni yeye ndiye amechoka."

Saa nne ilipita tukiwa hapo. Kabla ya kufika Nyakunguru kuna mwinuko mmoja si mrefu, ila umekaa vibaya. Katikati yake injini ililia, mshale ukapanda mpaka juu, na gari likasimama. Halafu likaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Shemeji akaruka nje kutafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, na hatua ndogo ndogo zikipita ubavuni mwa gari, na kiganja kikipapasa bati kutoka mlangoni kwenda nyuma.

Nikageuza kioo. Nilikuwa na haki ya kutazama nyuma, gari lilikuwa kwenye mwinuko. Kwenye kioo kulikuwa na kitambaa cheupe kimeinama. Mama mkwe wangu, mwenye miaka sabini na kitu, asiyeona, alikuwa ameweka viganja viwili kwenye gari langu na kuisimamisha miguu yake kwenye kokoto, anasukuma.

Kila nilipotoa mguu kwenye breki kukanyaga mafuta, gari lilimrudia kiasi cha shubiri moja. Nilitoa kichwa dirishani.

"Mama, toka hapo!"

Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake, ukiacha salamu, kwa miaka ishirini na moja. Naye akanijibu moja kwa moja.

"Kanyaga," akasema.

Sikukanyaga. Niliivuta breki ya mkono, shemeji akasukumia jiwe, na gari likatulia. Nikabaki nimeshika usukani kwa mikono miwili. Sikushuka. Hilo nimelifikiria sana: kwa nini sikushuka. Nilijiambia breki ya mkono haiaminiki. Ukweli ni kwamba nikishuka ningekuwa nimesimama mbele ya mama yule, na nilichofanya kingekuwa kimesimama nami.

Waliotutoa ni wachimbaji watano waliokuwa wanatembea kwenda mashimoni, wamebeba sururu na madumu, nguo zao zina rangi ya udongo. Kwa lafudhi zao niliwajua ni watu wa Shinyanga na Geita huko. Mmoja, mrefu, aliinama dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Bibi yuko nyuma anasukuma. Wewe uko ndani unafanya nini?"

"Nashika usukani."

"Usukani unaelekea wapi na gari haliendi?" Akawageukia wenzake. "Mtoeni bibi. Mzee mwacheni, huyo ni mzigo tayari."

Walicheka, siyo kwa ubaya, wakasukuma gari mpaka juu na kulipaki pembeni. Wakakataa nilichotaka kuwapa. Yule mrefu aliuliza kama ni gari la klachi walistue kwa kusukuma, na shemeji akamjibu kabla yangu kwamba ni otomatiki, halistuliwi. "Ah," akasema yule mchimbaji, kwa huruma, kama ameambiwa nina kisukari.

Ilikuwa saa tano na nusu. Shemeji akasimamisha bodaboda. Akampandisha mama katikati, yeye akakaa nyuma akimshika kiuno, mkoba ukaning'inizwa kwenye usukani. Wakaondoka wakiwa watatu juu ya pikipiki, ile tunayoita mshikaki, mama wa miaka sabini amemkumbatia kijana asiyemjua na kuegemeza shavu kwenye mgongo wake. Nilibaki na viazi na jogoo.

Walifika hospitali baada ya saa saba. Majina yalikuwa yameshaitwa, na nafasi ya mama alipewa mzee mwingine aliyekuwa akingoja kwenye benchi tangu juzi yake bila kuwa na nafasi. Siwezi kumlaumu mtu. Shemeji alinipigia akasema neno moja, "Wameshafunga," akakata.

Mimi nilivutwa kwa kamba na lori la mawe mpaka kwa fundi. Aliliona linaingia, akauliza, "Limevutwa hivyo hivyo, magurudumu yote chini?" Nikasema ndiyo. Akafumba macho kidogo. Kumbe gari la otomatiki halivutwi hivyo, linamalizia kuua kilichobaki. Hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa kumi na tatu, nilikuja kuliona baadaye.

Nilifika nyumbani jua linazama. Mke wangu alikuwa kwenye simu na mama yake, ambaye alikuwa amefikia kwa ndugu yake hapo mjini, maana kwangu adabu haimruhusu kulala. Mke wangu alikuwa anasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akiitumia kwa mama yake.

"Mama, nilikwambia uamke mapema. Nilikwambia mara ngapi? Sasa utakaa hivyo mpaka lini?"

Akakata, akaketi.

"Anasema ni yeye aliyewachelewesha," akaniambia. "Alikuwa anatafuta kitambaa cha kichwa. Halafu mkapata pancha. Kitambaa, jamani."

Mama alikuwa amenifunika kabisa, na shemeji akanyamaza nyuma yake. Nafikiri kwa mama lilikuwa jambo la kawaida tu. Kama mimi simtazami usoni, na yeye hanishitaki kwa mke wangu. Heshima ile ina pande mbili, na upande wake alikuwa ameubeba mpaka mwisho. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Nikaufungua.

"Wazee ndivyo walivyo," nikasema.

Nimeandika makala nyingi katika maisha yangu, baadhi zikikemea unafiki wa viongozi. Sidhani kuna sentensi yangu yoyote inayonirudia kama hiyo ya maneno matatu.

Nilimwambia pia kwamba gari liko kwa fundi kwa ajili ya pancha. Siku zikapita tisa. Kila siku nilipita kwa fundi, naye kila siku aliniuliza, "Tumeamuaje, mzee?" nami nikasema bado tunafikiri, kana kwamba tuko wengi. Alikuwa ameshaishusha gia boksi, imelala kwenye gunia. Nisingeweza kumwambia afungue bila kumweleza mke wangu kwa nini pancha inachukua wiki mbili. Kuna siku nilifikiria kuliuza lilivyo, kwa mtu wa mbali. Nilifikiria mpaka maneno ya kumwambia mnunuzi. Nilishangaa jinsi yalivyokuja kwa urahisi.

Siku ya kumi nikampigia shemeji.

"Nataka unipelekee neno kwa mama," nikasema.

"Neno gani?"

"Kwamba nimemkosea."

"Umemkosea nini? Mimi naambiwa ilikuwa pancha."

"Shemeji, tafadhali."

"Sikiliza, shemeji. Siku ile nilibeba maneno yako kutoka kiti cha mbele kupeleka kiti cha nyuma, na yote yalikuwa ya uongo, na nilijua. Nimechoka. Hata hivyo unajua vizuri, neno kama hilo halipelekwi na mtoto wa mwisho. Linapelekwa na binti mkubwa."

Binti mkubwa ni mke wangu.

Nilikaa na simu mkononi nikitafuta njia nyingine, na njia haikuwepo. Kwenda mwenyewe Kenyamonta na kumwomba mama msamaha ana kwa ana ingekuwa ni kumvunjia heshima mara ya pili. Kutuma rafiki ingekuwa ni kutangaza. Kama nilitaka neno limfikie yule niliyemkosea, lilikuwa lazima lipite mdomoni mwa yule niliyemdanganya.

Mke wangu alikuwa anasahihisha madaftari. Nikakaa upande wa pili wa meza.

"Gia boksi haikupona," nikasema.

"Imeharibika tena?"

"Haikupona tangu mwanzo. Fundi alisema ifunguliwe, nikakataa. Aliweka oili tu. Mama alikuwa tayari tangu jogoo la kwanza. Alisukuma gari kwenye mwinuko wa Nyakunguru."

Kalamu yake ilisimama kwenye daftari la mtoto wa watu. Nilingoja pikapu ya klachi. Haikuja.

"Nilimgombeza," akasema. "Nilimgombeza mama kwenye simu, na wewe umekaa pale."

"Ndiyo."

"Ukasema wazee ndivyo walivyo."

"Ndiyo."

Akamaliza lile daftari. Akasahihisha lingine. Nilihesabu akisahihisha manne kabla hajainuka kwenda jikoni. Jumamosi akapanda basi kwenda Kenyamonta, akarudi Jumapili jioni, akavua viatu mlangoni.

"Nimefikisha," akasema.

"Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka aseme nini?"

Jumatatu alikwenda nami kwa fundi, bila mimi kumwomba. Fundi alikuwa amefungua kifuniko cha mbele tu na kutoa diski mbili za kwanza, akamwonyesha. Zilikuwa zimelika mpaka chuma, nyembamba kama sarafu za zamani. Kisha akasema, akinitupia jicho, "Mama, siku ile mimi niliweka oili tu. Nilimwambia."

"Najua. Ameniambia." Akazigeuza zile diski mkononi. "Ukimaliza kuifungua ukabadilisha hivi vyote, utasema umetengeneza?"

"Hapo nitasema."

"Basi fungua."

Uamuzi ulioninyima usingizi kwa mwezi mzima ulichukua muda wa kufuta mikono. Gari lilitoka baada ya wiki tatu, na mpaka leo linapanda. Mimi nilikuwa natembea kwa miguu, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza gari liko wapi. Kumbe hawakuwa wakiniangalia.

Mama alikaa miezi sita na vivuli vyake, akingoja madaktari warudi. Shemeji aliniambia kwa simu, bila mimi kuuliza, kwamba lile jicho la kushoto nalo lilikuwa limefunga, na kwamba sasa anaongozwa mpaka chooni. Nilikuwa naambiwa mambo hayo kwa sauti ya kawaida, kama taarifa za mvua.

Madaktari waliporudi, nilimtuma mke wangu aulize kama naweza kwenda kumchukua. Jibu lilirudi kwamba mama anashukuru, atakuja na basi, tena siku moja kabla. Alikuja. Alifanyiwa jicho moja, na kesho yake asubuhi nilikwenda hospitali nikasimama uani, mbali kidogo na benchi, mahali panapofaa mkwe kusimama. Gari nililiacha nyumbani. Sikujua kama kulileta pale kungekuwa ni heshima au ni kejeli.

Walimtoa bandeji. Alitoka ameshikwa mkono na shemeji, akasimama kizingitini, akapepesa. Akaitazama mikono yake, pande zote mbili. Akautazama ukuta, akamtazama binti yake, mke wangu, akamshika kidevu akacheka. Halafu akaanza kuutazama uwanja, polepole, kutoka kulia kuja kushoto, na mimi nilikuwa kushoto. Miezi sita nilikuwa nimetamani aone. Sasa nilikuwa natafuta nguzo ya kujificha.

Jicho lake lilinifikia, likakaa muda zaidi kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, halafu akalihamisha kwenye paa la jengo la pili.

"Muulize mkwe wetu amekuja na nini," akamwambia shemeji.

"Mwambie mama nimekuja kwa miguu."

"Amekuja kwa miguu, mama."

"Vizuri," akasema mama, bado akilitazama paa.